Hakai Mtu Chini ya Ngazi

Siku Alois alipoondoka duniani, ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya ndoo. Ilikuwa Jumatano, mwaka 1977, msimu wa pamba umepamba moto, na kiwanda cha kuchambua pamba cha Nyabugera, kwenye ufuko wa Geita, kilikuwa kimesimama kwa kukosa maji. Wanaume wawili walikuwa wamezama kuondoa matope na magugu kwenye mdomo wa bomba. Wa tatu alibaki kwenye boti, ameshika kamba.

Kazi ilikwisha vizuri. Wote wawili waliibuka wakicheka. Cornel, aliyekuwa mkubwa kwa umri, alitangulia kupanda ngazi akiwa na mtungi wa hewa mgongoni. Alois alikaa majini chini yake, mikono yake imeshika visigino vya mkubwa wake, kama alivyofundishwa tangu ujana.

Cornel alipofika kipandio cha juu, mkanda wa mtungi ulikatika.

Mtungi ule, chuma kitupu, ulimwangukia Alois kichwani. Aliyekuwa kwenye boti alisikia mlio mmoja, kisha akaona mapovu. Akaruka majini na nguo zake. Alois alikuwa bado amevaa mkanda wa risasi, wenye vipande vya madini mazito ya kumsaidia mzamiaji kwenda chini, na siku hiyo mkanda ule ulimpeleka chini kweli. Walimtoa kabla jua halijazama. Alizikwa Ushirombo, nyumbani kwao, na kwaya aliyokuwa akiimbia sauti ya nne iliimba bila sauti ya nne.

Aliyekuwa kwenye boti ni Telesphori Kapaya. Miaka imepita, nywele zimeingia mvi, lakini bado anazama. Ndiye mzamiaji mkuu wa Nyabugera, na watu wa hapa wanamwita Baba Salvina, kwa jina la binti yake wa kwanza.

Asubuhi hii yuko ufukoni, amechuchumaa juu ya turubai, anakagua vifaa. Anavuta mikanda ya mitungi kwa nguvu zake zote, mmoja baada ya mwingine. Anakunja raba ya kupumulia na kuitazama kama mama anayetafuta chawa kwenye nywele za mtoto. Anatema mate kwenye kioo cha miwani ya kuzamia, anasugua kwa kidole, anasuuza.

"Wageni waliojenga bomba walituachia mitungi miwili, mashine ya kujazia hewa na maneno mengi," anasema. "Mengi ya maneno yao yalihusu huko chini. Usipande haraka, usibane pumzi, usimwache mwenzako. Walisema kweli. Lakini huko chini hatujapoteza mtu. Mtu tumempotezea juu, mahali ambapo ukinyoosha mkono unagusa boti."

Watu wakikutana naye sokoni humuuliza habari za mamba. Yeye hucheka.

"Mamba nimemwona mara chache, naye aliniona akaenda zake. Mimi naogopa ngazi."

Ili kuelewa hofu yake, inabidi kurudi nyuma, hadi kwenye mgodi wa Geita kabla haujafungwa katikati ya miaka ya sitini. Telesphori na Cornel walifanya kazi huko chini ya ardhi wakiwa vijana wenye nguvu. Alois aliingia mwishoni, akiwa kijana mbichi aliyetoka tu darasani. Walioketi naye dawati moja katika shule ya misheni wanakumbuka jinsi alivyokuwa akipiga mluzi hata katikati ya somo la hesabu, na mwalimu akashindwa kumjua anayepiga, kwa kuwa midomo ya Alois ilikuwa haionekani kutikisika.

Mgodini walikuwa wakitoka kwa ngazi za mbao, ndefu, zenye tope. Huko kulikuwa na desturi waliyoiita kushika visigino. Mkubwa hutangulia kupanda. Mdogo humfuata karibu kabisa, bega lake likiwa chini ya nyayo za mkubwa, na kila mara humgusa kisigino ili ajue yupo. Mzee akiteleza, anakalia bega la kijana na si shimo.

"Kijana aliyepanda mbali na mzee alikuwa anatukanwa hadi anaomba kuhama zamu," Telesphori anakumbuka. "Tulimwambia, wewe huna baba? Ulizaliwa na mti? Alois hakuwahi kuambiwa hivyo. Alikuwa na adabu mno."

Mgodi ulipofungwa, wanaume wale walitawanyika. Wengine walirudi kulima, wengine walikwenda kwenye mashamba ya tumbaku. Telesphori, Cornel na Alois walipata kibarua cha kujenga bomba la kiwanda, na wageni walipohitaji watu wasioogopa giza wala mahali pa kubana, waliwachagua wao. Walijifunza kuzama kwa muda wa mvua moja ya masika.

Wakaenda nayo desturi yao majini.

"Hakuna aliyetukataza," anasema Telesphori. "Wageni wakiona Alois amemshika Cornel visigino, walipiga picha. Walisema hawa watu wanapendana. Na kweli tulipendana. Hilo ndilo linaloniuma. Siku ile hakuna aliyefanya jeuri. Hakuna aliyekunywa. Kila mtu alikuwa ameweka heshima mahali pake. Ila ngazi ya ziwani si ngazi ya mgodini. Hii inatikisika, boti inapanda na kushuka, na aliye chini hana ukuta wa kuegemea. Akiangukiwa, hana pa kwenda."

Cornel hakuzama tena. Alirudi Ushetu, analima tumbaku. Hakuna aliyemlaumu, na kila Krismasi Telesphori humpelekea samaki wakavu. Hukaa pamoja, huzungumza habari za mvua na bei ya tumbaku, na kabla ya kuagana Cornel huuliza swali lilelile: "Siku hizi mnapandaje?"

Telesphori humweleza. Humweleza kila mwaka, kwa utaratibu, na Cornel husikiliza kana kwamba hajawahi kusikia.

Jinsi wanavyopanda siku hizi inaanza na mwanamke mmoja.

Justa, mjane wa Alois, ndiye mwendesha boti wa Nyabugera. Wenzake humwita Mama Klara. Ni mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana, na asubuhi hii amefunga kitenge kiunoni na kufunika kichwa kwa kofia ya majani yenye ukingo mpana kuliko mabega yake.

Mwaka ule ule wa msiba, arobaini ilipokwisha, alimfuata Telesphori ufukoni akamuuliza: "Shemeji, nyie mkiwa mnapanda, nani anatazama chini ya ngazi?"

"Nikamjibu, hakuna," anasema Telesphori. "Aliye kwenye boti anamtazama anayepanda. Akaniambia, basi nitatazama mimi."

Wavuvi wa Nyabugera hawakufurahi. Hapa wapo wanaoamini kwamba mwanamke akipanda chombo, samaki hukimbia. Walimwimbia nyimbo za kumchokoza, na mmoja alimuuliza kama amekosa jiko la kupikia.

"Niliwaambia sisi hatutafuti samaki, tunatafuta matope," Justa anasema, akicheka hadi kofia inamwangukia machoni. "Na matope hayajawahi kukimbia mwanamke."

Boti inaondoka. Ndani yumo Telesphori, yumo Justa kwenye injini, na yumo Bujiku, mzamiaji wa pili. Bujiku ni mwanamume wa miaka ishirini na tisa, baba wa watoto wawili, Msukuma aliyetokea kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo upande wa Bulyanhulu. Amevaa miwani na mapezi yaliyokuwa ya Alois, kwa sababu seti ni mbili tu na nyingine haitapatikana. Justa huyaosha kwa maji safi kila jioni na kuyaanika kivulini.

Bujiku ana pumzi ndefu, mikono mizuri, na haogopi giza. Tatizo lake ni moja, nalo ndilo linalomzuia Telesphori kustaafu.

"Ana adabu kupita kiasi," anasema Telesphori.

Kule kwenye mashimo bado wanashika visigino. Tangu Bujiku aanze kazi, amekuwa akiambiwa akae mbali wakati mwenzake anapanda. Anaitikia, "Ndiyo, baba." Kisha mzee akianza kupanda kwa taabu, goti likigoma, Bujiku anasahau na kumkimbilia. Wiki iliyopita Justa alilazimika kumrushia kopo la kuchotea maji ili arudi nyuma.

"Lilinipata hapa," Bujiku anasema, akionyesha sikio. "Mama Klara ana shabaha. Lakini nifanyeje? Baba yangu angeniona nimekaa pembeni, naelea kama bata, huku mzee anahangaika peke yake, angenifukuza nyumbani."

"Baba yako yuko wapi?" Telesphori anamuuliza.

"Kahama."

"Basi hakuoni. Mimi ndiye nakuona. Na mimi nataka unione nikipanda, usinione nikishuka kichwani kwako."

Telesphori amekwisha waambia wakubwa wa kiwanda kwamba goti lake limechoka na msimu huu ni wake wa mwisho. Wakubwa wamekubali Bujiku amrithi na awafundishe wengine wawili watakaoajiriwa. Lakini wamemwachia Telesphori neno la mwisho, naye hajalitoa. Asiyeweza kukaa mbali na ngazi, anasema, atawafundisha wenzake kufa kwa heshima.

Justa anazima injini. Siku hizi hakuna anayebishana kuhusu kuzima injini. Petroli inatolewa kwa kibali, na kibali chenyewe husubiriwa hadi mtu akasahau alichokiombea.

"Uhaba una faida yake," Telesphori anasema huku akifunga mkanda. "Zamani waliiacha inanguruma wakati watu wako majini. Panga boi linazunguka pale nyuma, na ngazi ilikuwa palepale nyuma. Nilipowaambia ngazi ihamie ubavuni, waliniambia itaharibu sura ya boti."

Kuzima hakumtoshi Justa. Anachomoa mpira wa petroli kutoka kwenye injini na kuuweka mapajani. Utakaa hapo hadi wote wawili wawe wamerudi na kukaa chini. Kisha anatupa majini kamba ndefu yenye dumu tupu mwishoni. Dumu linaelea mbali na boti, upande ambao maji yanaelekea. Hapo ndipo mahali pa kusubiri.

Wanazama. Kazi ya leo ni ileile: kusafisha chujio la bomba. Juu kunabaki mapovu, mlio wa ndege kwarara ufukoni, na Justa anayefuata mapovu kwa macho bila kupepesa.

Akiwa anatazama, anazungumza kidogo juu ya mume wake. Anasema Alois alikuwa akirudi nyumbani anatoa maji masikioni kwa kuruka kwa mguu mmoja uani, na binti yao Klara, akiwa mdogo, aliruka nyuma yake akidhani ni mchezo. Sasa Klara anasoma ualimu. Anasema kwa miaka miwili ya kwanza alikuwa akitazama maji kwa hasira.

"Sasa nayatazama kwa kazi," anasema. "Ni tofauti. Jioni nikirudi nalala."

Hawarudi juu kwa pupa. Kwanza unaonekana mkono, umenyooshwa, kisha kichwa kinachozunguka kutazama pande zote. Ni Bujiku. Baada yake Telesphori. Wote wameibukia karibu na dumu, na wote wamebaki na miwani usoni na raba mdomoni, ingawa hewa ya bure imejaa kote.

"Mtu akifika juu anadhani amemaliza," Telesphori alikuwa ameeleza asubuhi. "Anavua miwani, anatupa raba, anavua mapezi. Wimbi moja likija anakunywa ziwa. Huku juu ndiko kwa kuvaa kila kitu."

Justa anashusha ngazi ubavuni. Anatazama chini yake. Anainua mkono.

"Mmoja!"

Telesphori anaogelea hadi kwenye ngazi na kuishika. Akiwa bado majini, anafungua mkanda wa risasi na kumpa Justa. Kisha anajitoa kwenye mtungi. Justa anaufunga kamba, anauvuta, anaulaza sakafuni na kuuzuia kwa mguu. Zamani walipanda na kila kitu mgongoni, kwa kuwa mgodini mwanamume hutoka na mzigo wake mwenyewe. Hilo nalo limekwisha. Mwisho kabisa, mkono mmoja ukiwa umekaza kwenye chuma, anavua mapezi na kuyatupa ndani ya boti. Asiye na mapezi hawezi kupambana na maji, kwa hiyo havui mpaka awe ameshika.

Anaanza kupanda. Kipandio cha kwanza. Anapumzika. Goti linamsumbua, na linaonekana.

Kwenye dumu, Bujiku amekaza macho.

"Baba, pole," anaita, ameitoa raba mdomoni kwa kitambo.

"Pole yako nimeipokea. Kaa hapohapo."

Kipandio kingine. Boti inapigwa na wimbi dogo la mtumbwi unaopita mbali. Ngazi inayumba. Mguu wa Telesphori unateleza kwenye chuma chenye ute, na mzee anabaki ananing'inia kwa mkono mmoja, mguu mmoja ukitafuta pa kukanyaga.

Bujiku anaachia dumu.

"Bujiku!" Justa anapiga kelele. Haangalii mkono wa Telesphori. Anaangalia maji yaliyo chini yake. "Bujiku, rudi!"

Bujiku amekwisha piga mapezi mara moja. Uso wake umekunjamana kama wa mtu anayesikia mtoto analia chumba cha pili. Anasimama majini. Anatazama visigino vya mzee vinavyocheza hewani. Kisha ananyoosha mkono nyuma, anaitafuta kamba, anaipata, anaing'ang'ania kwa mikono yote miwili.

Mkono wa Telesphori unaachia.

Anaanguka chali, mzima mzima, na visigino vyake vinapiga maji mahali ambapo hapana mtu. Maji yanaruka hadi kwenye kofia ya Justa. Kisha mzee anaibuka, miwani bado usoni, ameshika ngazi kwa mkono mmoja, anakohoa na kucheka kwa wakati mmoja.

"Bujiku uko wapi?" anauliza, haoni vizuri.

"Niko huku kwenye dumu, baba."

"Kwenye dumu?"

"Kwenye dumu."

"Wabeja," anasema Telesphori, kwa Kisukuma, lugha ambayo si ya nyumbani kwao. Maana yake ni asante. Anarudia tena kwa sauti ya chini, kisha anapanda, taratibu, peke yake, hadi ndani.

Zamu ya Bujiku inapofika, anafanya yote kwa mpangilio: mkanda, mtungi, mapezi. Telesphori na Justa wanampokea. Anakaa chini.

"Nimejisikia mtu asiye na adabu kabisa," anasema.

"Utazoea," anamjibu Justa. Anamvisha taulo mabegani, analivuta vizuri mbele kama mama anayemfunika mtoto wake. Kisha anawageuzia mgongo na kurudishia mpira wa petroli kwenye injini.

Boti inagusa mchanga. Hapo Telesphori anamwambia Bujiku, kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Kesho utaongoza wewe. Mimi nitapanda wa pili."

"Nitangulie kupanda mbele yako, baba? Mbele ya mzee?"

"Mbele ya mzee. Na mimi nitakaa kwenye dumu, nikuangalie. Shida iko wapi? Nitaelea kama bata."

Justa anacheka. Bujiku naye anacheka, ingawa bado ana aibu.

Jioni, kiwanda kinanguruma na vumbi la pamba linatanda hadi ufukoni. Telesphori amekaa nje ya banda la vifaa, goti limepakwa mafuta ya ng'ombe. Mkewe amemletea uji wa ulezi kwenye chupa. Anasema msimu ukiisha atarudi Ushirombo kufuga nyuki na kuitengeneza nyumba aliyoiacha bila dari. Kabla ya hapo atapita Ushetu kwa Cornel, na mara hii hatakwenda na samaki peke yake. Atakwenda na Bujiku.

"Cornel akiuliza mnapandaje siku hizi, nitanyamaza," anasema. "Bujiku ndiye atakayejibu."

Wafanyakazi wawili wapya wataanza kazi wiki ijayo. Wote wawili wametoka kwenye mashimo ya dhahabu, na wote wawili wamelelewa kushika visigino. Watakaa kwanza kwenye boti na Justa, mchana kutwa, bila kuzama, wakijifunza kutazama.

Nyuma ya banda, miwani na mapezi yamekwisha oshwa na kuanikwa. Ngazi imelazwa juu ya boti, imesuguliwa ute kwa mchanga. Kesho asubuhi itashushwa ubavuni baada ya injini kuzimwa, atapanda mtu mmoja, na chini yake hapatakuwa na mtu.